Filta tatu na vipande vitatu vya mpira

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Singida alinipigia simu. Anaunganisha ndege ndogo ya watu wawili kwenye banda la baba yake, na namba yangu alipewa na muuza vipuri. Alinieleza mfumo wake wa mafuta kwa fahari: filta nne mfululizo, kila moja ya matundu membamba kuliko iliyotangulia, "ili hata vumbi la unga lisipite, mjomba." Nilinyamaza kidogo. Alikuwa ananisimulia kosa langu mwenyewe, kisha ameliongezea filta moja. Tuliongea zaidi ya saa nzima, vocha yake ikaisha, nikampigia mimi. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo simu haikutosha.

Mimi ni fundi mitambo. Nina gereji hapa Dodoma mjini, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekula kwa mashine za kusaga, pampu za visima, matrekta ya Kongwa na Kibaigwa, na pikipiki zisizo na idadi. Ndege sikuwahi kuigusa. Iliingia maishani mwangu kupitia shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Alifanya kazi Afrika Kusini miaka mingi, akasomea urubani huko kwa pesa zake mwenyewe, na aliporudi nyumbani alikuja na kontena. Ndani yake mlikuwa na mabawa, mwili wa ndege uliounganishwa nusu, na injini ya Rotax 912 UL ya nguvu farasi 80, bado iko kwenye sanduku lake. Huko alikotoka watu kununua vipande vya ndege kiwandani na kuviunganisha nyumbani ni jambo lililozoeleka. Hapa kwetu watoto walipanda ukuta kuchungulia.

"Fundi," shemeji aliniambia, "injini unazijua. Njoo tumalizie."

Nilipoifungua ile injini nilifurahi. Silinda nne, kabureta mbili, kila kabureta ikilisha silinda mbili. Kila silinda ina plagi mbili. Pampu ya mafuta inazungushwa na injini yenyewe. Inakunywa petroli ya gari bila shida, hakuna kompyuta, hakuna sindano za kunyunyiza mafuta kwa presha kubwa. Nikasema moyoni, hii naijua. Na kweli injini niliijua. Kitu nilichokuwa sikijui ni maana ya kuzima. Lori likikosa mafuta pale Kibaigwa dereva analisogeza pembeni, anakata matawi anaweka barabarani, ananipigia simu nalala kwanza nakuja asubuhi. Kazi yangu yote nimeifanya nikiwa na hiyo asubuhi nyuma yangu. Mikono yangu ilizoea kusamehewa.

Tuliunganisha kwa miezi kumi na minne, mwisho wa juma na sikukuu, kwenye banda la mabati shambani kwake upande wa Kongwa. Ukitoka Dodoma unaiacha barabara ya Morogoro pale Mbande. Shamba ni la mtama na alizeti, na shemeji alisafisha kipande cha mita mia sita kikawa uwanja, mibuyu miwili upande mmoja, upande mwingine mtama wa majirani. Karatasi za Mamlaka ya Usafiri wa Anga alizishughulikia yeye. Kwa hiyo sehemu siwezi kumshauri mtu zaidi ya kumwambia aanze mapema na asiruke bila hizo.

Mfumo wa mafuta alinikabidhi mimi. Hapa nataka niende polepole.

Matangi yako ndani ya mabawa, na mabawa yako chini ya mwili wa ndege, kwa hiyo mafuta hayashuki yenyewe kwenda kwenye injini. Yanavutwa. Kuna pampu ndogo ya umeme ya kusaidia wakati wa kupaa na kutua, halafu pampu ya injini, halafu kabureta. Mchoro wa kiwandani ulionyesha wavu mmoja ndani ya kila tangi pale mafuta yanapotokea, na filta moja ya wavu wa chuma kabla ya pampu, ya matundu ya maikroni mia hivi, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Niliiangalia ile filta nikaiona haitoshi kabisa. Kwa vumbi la Dodoma? Mwezi wa nane na wa tisa hapa chamchela inatembea katikati ya mchana ikibeba udongo mwekundu, unakuta vumbi mpaka ndani ya sanduku la spana lililofungwa. Maikroni mia nikaziona kama mlango wa zizi.

Kwa hiyo niliongeza. Niliweka filta ya karatasi ya gari baada ya matangi, chini ya kiti, kisha nikaiondoa ile ya wavu mbele ya pampu na kuweka nyingine ya karatasi, nyembamba zaidi, ya aina inayotumika kwenye magari ya kisasa. Pamoja na wavu wa kwenye tangi zikawa tatu. Shemeji aliuliza kama si nyingi. Nikamjibu, mafuta masafi hayajawahi kuua injini. Alikubali kwa sababu aliniamini, na jambo hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko fedha.

Kosa la pili lilikuwa dogo kwa macho. Mipira ya mafuta kutoka pampu ya injini kwenda kwenye kabureta niliikata kwa kisu cha kawaida, na kuiingiza kwenye chuchu za kabureta ikiwa mikavu. Chuchu zile zina meno ya kushika mpira. Mmoja ulikuwa mgumu, nikausukuma huku nauzungusha kwa nguvu mpaka ukaingia. Nikafunga klipu. Kwenye pikipiki nimefanya hivyo mara elfu moja.

Kosa la tatu ni madumu. Petroli tulikuwa tunainunua mjini na kuipeleka shambani kwenye madumu ya njano ya lita ishirini, yale yaliyokuja na mafuta ya kula. Yalioshwa, ndiyo, kwa sabuni na maji. Moja halikuwa na mfuniko wake, tuliliziba kwa nailoni na mfuniko wa dumu jingine. Yalikaa bandani, mchana kwenye joto la mabati, usiku kwenye baridi ya Juni na Julai inayotufanya tuvae makoti. Dumu lililojaa nusu linapumua: mchana linatoa hewa, usiku linavuta hewa ya nje, na hewa hiyo inaacha unyevu wake kwenye kuta za ndani. Matone ni madogo, lakini maji ni mazito kuliko petroli, yanashuka chini na kukusanyika, na hayapotei.

Injini iliwaka mara ya kwanza mwezi wa sita. Dada alipiga vigelegele, na jirani mmoja alichinja mbuzi bila kuombwa. Tuliifunga ndege kwa kamba kwenye gogo la mbuyu, tukaipiga resi yote kwa dakika mbili, haikutetereka. Kwenye kitabu kulikuwa na kipimo cha kutiririsha mafuta, kwamba uchomoe mpira kwenye kabureta, uinue pua ya ndege kama inapanda, uwashe pampu ya umeme, upime lita ngapi zinatoka kwa dakika kadhaa. Nilisoma. Nikaona injini yenyewe imeshatupa jibu, inanguruma vizuri. Tukakiruka.

Ndege iliruka mara mbili mwezi wa nane, dakika ishirini na dakika arobaini, shemeji peke yake. Mara zote mbili alishuka akicheka kama mtoto.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi ya Septemba, saa nne asubuhi, tayari jua kali. Nilikuwa nimesimama pembeni ya uwanja na redio mkononi. Ndege ikapita mbele yangu, ikanyanyuka, ikaanza kupanda kuelekea upande wa mtama. Nikasikia sauti ikibadilika. Kwanza ilikuwa kama mtu anayekohoa mara moja. Halafu ule mngurumo mmoja ukagawanyika ukawa wa kugonga, mtetemo mzito, ndege nzima ilionekana inatikisika, na nikajua papo hapo, kabureta moja imekosa mafuta na injini inakwenda kwa silinda mbili. Kila fundi wa injini hii anaijua sauti hiyo. Kisha na zile mbili zikaanza kufifia.

Alikuwa juu kiasi cha mita sabini. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule mwalimu aliyemfundisha: shemeji hakujaribu kugeuka kurudi uwanjani. Alishusha pua chini mara moja kulinda mwendo, akaenda moja kwa moja mbele, akatua kwenye shamba la mtama lililokwisha kuvunwa. Marubani wengi wamekufa kwa kugeuza ndege iliyozima ikiwa chini hivyo. Inapoteza mwendo kwenye kona na kuanguka kwa bawa. Baadaye aliniambia alikuwa amejiambia kwa sauti kabla ya kuruka, "ikizima kabla ya mita mia mbili, mbele tu." Anasema maneno hayo kila siku, hata leo.

Matuta yalivunja mguu wa mbele, pua ikaanguka, propela ikasagika. Nilikimbia umbali ule sijui kwa muda gani. Nilipofika alikuwa ameketi ukingoni mwa tuta, kofia mapajani, mikono inatetemeka. Hakuwa na jeraha zaidi ya michubuko ya mkanda begani. Mzee mmoja mfugaji alikuwa ameshafika kabla yangu na fimbo yake. Alitusalimia, "Mbukwenyi," akakaa chini kando ya shemeji, akamshika mkono, wala hakuuliza kitu. Tulikaa hivyo sisi watatu. Harufu ya petroli ilikuwa imejaa, na mimi nilikuwa najua tayari kwamba ni kazi ya mikono yangu, ila nilikuwa sijajua ni ipi.

Dada hakusema nami hadi mwezi wa kumi na moja. Chakula aliniwekea, salamu aliitikia, basi.

Tulitoa taarifa kwa mamlaka kama inavyotakiwa, tukapiga picha kila kitu kabla ya kugusa, na siku ya tatu tukafungua. Hapa nina ushauri wa kwanza ambao sitaki upotee: usisafishe chochote kabla hujakiangalia. Nilitaka kuosha kabureta, ni mazoea ya gereji, mkono unaenda wenyewe kwenye kopo la petroli. Shemeji alinizuia. Tulitandika shuka jeupe juu ya meza, tukachukua bakuli la kila kabureta, kile kikombe cha chini kinachoshika petroli, moja moja.

Bakuli la kabureta ya kushoto lilikuwa na mchanga mdogo sana na tone la maji ukubwa wa punje ya uwele. La kulia lilikuwa na vipande vitatu vyeusi. Nilivichukua kwa sindano. Vilikuwa vyembamba, vimejikunja kama kucha iliyokatwa, urefu milimita mbili au tatu. Kimoja kilikuwa kimeingia nusu kwenye jeti kuu, kile kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, na kukiziba. Nilikibonyeza, kikarudi umbo lake. Mpira. Tukachomoa ule mpira wa mafuta niliousukuma kwa nguvu, tukaupasua kwa wembe kwa urefu. Ndani kulikuwa na mikwaruzo mitatu, pale meno ya chuchu yalipochonga, na kila mkwaruzo ulilingana na kipande chake kama ufunguo na kufuli.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Filta zangu tatu zote zilikuwa njiani kabla mafuta hayajafika kwenye mpira ule. Hakuna hata moja ambayo ingeweza kuvikamata vipande hivyo, hata ningeweka kumi. Uchafu ulioziba jeti haukutoka kituo cha mafuta wala kwenye vumbi la Dodoma. Niliutengeneza mimi, baada ya filta ya mwisho, kwa kisu na haraka.

Lakini kabureta ya kushoto haikuwa imeziba, na bado silinda zake zilififia. Tukafuata nyuma. Filta ya karatasi iliyokuwa chini ya kiti tuliikata kwa msumeno mdogo, tukaitandaza. Karatasi ilikuwa imevimba na kulegea kama daftari lililonyeshewa, rangi ya udongo, na mikunjo yake ilikuwa imegandamana kwa ute unaonata wenye harufu ya alizeti. Karatasi ya filta ikilowa maji inavimba, matundu yanajifunga. Mabaki ya mafuta ya kula kutoka kwenye madumu yakamalizia. Maji tuliyoyaweka wenyewe.

Hapo ndipo tulipokifanya kile kipimo tulichokiruka. Tulitengeneza mguu wa muda wa mbao, tukainua pua kwa magogo mpaka pembe ya kupaa, tukarudisha filta ya pili ilivyokuwa na ya kwanza mpya kabisa ya aina ileile, tukachomoa mpira kwenye kabureta na kuuelekeza kwenye ndoo yenye alama. Injini ile ikiwa resi yote ya kupaa inakunywa lita 24 kwa saa. Kanuni wanayoifuata wajenzi wa ndege zenye pampu ni kwamba mfumo uweze kutoa asilimia 125 ya hizo, yaani lita 30. Kwa ndege ambazo mafuta yanashuka yenyewe kutoka bawa la juu ni asilimia 150. Tulipima dakika kumi. Zikatoka lita tatu na nusu. Lita 21 kwa saa, na hapo filta moja ni mpya. Ile resi ya dakika mbili tulipoifunga ndege kwenye mbuyu tulikuwa na filta safi, pua imelala sawa, asubuhi ya baridi. Haikutuambia lolote.

Tukazitoa zote mbili za karatasi, tukarudisha ile ya wavu iliyokuja na mchoro. Lita sita na robo kwa dakika kumi. Zaidi ya 37 kwa saa.

Nilimpigia mzee mmoja Dar es Salaam aliyetengeneza ndege maisha yake yote, sasa amestaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Filta hizo ziko upande wa kuvuta au wa kusukuma?" Sikuwahi kujiuliza hivyo. Akanifafanulia. Pampu inapovuta mafuta kupitia kitu kinachobana, presha ndani ya mpira inashuka, na petroli ikishushiwa presha inachemka kwa joto dogo zaidi. Inatoa mapovu. Pampu iliyojaa mvuke haisukumi kitu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe tayari ni nyepesi kuliko ya Dar, na chini ya kifuniko cha injini saa nne asubuhi mwezi wa tisa kuna moto. Kila filta nyembamba niliyoiweka mbele ya pampu ilikuwa inaikaribisha petroli kuchemka. Tena kwa injini ya kabureta haina faida, jeti zake ni pana, zinahitaji kulindwa na mchanga na vipande, wavu unatosha. Ile karatasi nyembamba imetengenezwa kulinda sindano za magari, zile za kunyunyiza mafuta kwa presha kubwa.

"Kijana wangu," akaniambia, na mimi nina miaka arobaini na saba, "filta ni mlango. Ukiweka mlango, panga pia nani atauangalia."

Gharama nitazisema wazi kwa sababu watu huzificha. Propela mpya, mguu wa mbele, ukaguzi wa giaboksi ya injini ambao ni lazima propela inapogonga kitu, usafirishaji na ushuru, jumla zilifika milioni kumi na moja na laki nne. Nilichangia tatu, niliuza pawatila yangu. Shemeji hakuniomba. Mwenye mtama tulimlipa matuta yake ingawa alikataa mara mbili. Na miezi tisa ya kazi.

Sasa tunavyofanya. Madumu ya njano hayaingii tena bandani. Tuna madumu manne meupe yanayoonyesha ndani, yameandikwa, hayabebi kitu kingine, hata maji ya kunywa siku ya shida. Mafuta yakifika kutoka mjini yanakaa usiku mzima bila kuguswa, na tunamimina kutoka juu. Sentimita mbili tatu za chini zinabaki, zinakwenda kwenye pampu ya bustani. Tunanunua kituo chenye watu wengi, kwa kuwa mafuta yake hayakai, na hatununui siku ambayo lori la mafuta linashusha, maana linakoroga matope yote ya tangi la chini. Tunamimina kupitia faneli yenye wavu laini. Faneli ya chuma inaunganishwa kwa waya na mwili wa ndege, na dumu linawekwa chini ardhini kwanza kabla ya kufunguliwa. Hewa ya hapa kiangazi ni kavu mno, unavua sweta usiku unaona cheche. Hilo usilidharau.

Ndege ikilala, matangi yanalala yamejaa, ili pasiwe na nafasi ya hewa ya usiku.

Asubuhi, kabla ya kuisogeza hata hatua moja, tunatoa mafuta kidogo sehemu ya chini kabisa ya kila tangi na kwenye kikombe cha kutegea maji. Kabla ya kuisogeza, narudia. Ukiikokota kwanza umeshayachanganya. Tunaweka kwenye chupa ya kioo, ile ya jamu, na kuiinua kwenye mwanga. Mara moja tuliona chupa safi kabisa, rangi moja, tukafurahi, halafu shemeji akainusa akagundua karibu yote ni maji. Mvua ya usiku ilikuwa imeingia kwenye mfuniko wa bawa. Maji matupu nayo ni masafi kwa macho. Tangu siku ile tunadondosha tone la mafuta hayo kwenye kiganja: petroli inakauka haraka na kuacha ubaridi, maji yanabaki.

Mipira nakata kwa kikata maalumu, napuliza ndani, napaka mafuta kidogo ya injini kwenye chuchu, na unaingia kwa kidole bila kupigana. Ukipigana nao, acha, tafuta saizi sahihi. Kisha kabla ya kuunganisha na kabureta natiririsha lita mbili nzima kupitia kwenye shuka jeupe. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo baada ya ajali nilipata unyoya wa chuma na chembe ya silikoni, na nilikuwa na hakika kwamba kila kitu ni kisafi. Silikoni na utepe wa kuzibia bomba vimepigwa marufuku kwenye mfumo wetu. Filta yenyewe imehamia mahali ambapo mkono unafika bila kufungua kiti, na kila saa ishirini na tano za kuruka inafunguliwa juu ya sahani nyeupe, pamoja na mabakuli ya kabureta. Kinachopatikana kinaandikwa kwenye daftari. Boya za kabureta napima uzito pia, kwa sababu zikinywa petroli zinazama na kabureta inafurika. Na mipira yote itabadilishwa ikifikisha miaka mitano, hata ikionekana mizima, kama mtengenezaji anavyoagiza.

Jambo moja halikuwa kwenye kitabu chochote tulichonacho kwa namna tulivyolikuta. Tangi linahitaji tundu la hewa, mafuta yakitoka hewa iingie. Miezi mitatu baada ya kurudi kuruka, katika kukagua, nilipuliza kwa mdomo kwenye kibomba cha tundu la bawa la kushoto, hakikupita kitu. Niliingiza waya, ukatoka udongo mkavu na kiwavi mdogo wa kijani. Nyigu wa tope alikuwa amejenga ndani. Tangi lile lingejibana lenyewe angani, mafuta yangekataa kutoka, na hakuna filta ingelaumiwa. Sasa vibomba vina vifuniko vya kitambaa chekundu vyenye mkia mrefu, kwamba huwezi kuruka bila kuviona, na bado tunapuliza kila asubuhi.

Mpaka wiki iliyopita ndege imefikisha saa 63 tangu ajali. Yule kijana wa Singida alituma picha juzi. Ameondoa filta tatu, amefanya kipimo cha ndoo pua ikiwa juu, lita tano na nusu kwa dakika kumi kwa injini kama yetu. Nimemwambia arudie mchana wakati wa jua kali, tangi likiwa na mafuta machache, halafu anitumie tena. Na apige picha ya mipira yake aliyoikata, kwa ndani.

Dada yangu amesharuka mara moja. Kabla ya kupanda aliomba ile chupa ya jamu, akaiinua kwenye jua mwenyewe, akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu kuliko mimi ninavyoitazama. Chini kulikuwa na tone moja, dogo, linatembea pembezoni mwa kioo. Akaniangalia. Tulimwaga, tukatoa tena, tukamwaga, tukatoa ya tatu, na ile ya tatu ndiyo aliyonirudishia mkononi.